Picha za Kupuliza na Swali la Mwenye Ukuta: Kutoka Half-Life hadi Madigadi ya Kitale na Bungoma

Miongoni mwa matini fupi ambazo uhakiki wa Kiswahili haujazipa nafasi zinazostahili imo picha ya kupuliza ya michezo ya kompyuta. Hii ni picha ndogo, pengine yenye maneno na pengine isiyo na neno, ambayo mchezaji huitayarisha nje ya mchezo na kuiweka katika faili. Kisha, mchezo unapoendelea baina yake na wachezaji wengine walio mbali naye, hubonyeza kitufe kimoja tu na picha ile ikabandikwa ukutani mbele yake kana kwamba imepulizwa kwa mkebe wa rangi. Wengine waliomo mchezoni huiona. Baada ya muda mfupi hutoweka. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni la watoto, na msomi aliyezoea kupima tenzi na riwaya ana haki ya kuuliza linaingiaje katika kurasa za jarida la lugha. Madai ya makala haya ni kwamba linaingia kwa mlango ule ule uliokwisha kufunguliwa kwa majina ya kanga na maandishi ya vyombo vya usafiri. Na kwamba likiachwa nje, liko swali zito la lugha na mamlaka ambalo litajibiwa na wafanyabiashara pasipo wanalugha kuwa na kauli.

Kwanza ni suala la istilahi. Wachezaji wenyewe husema “spreyi”. Katika orodha za michezo ya awali picha hii iliitwa kwa neno ambalo Kiswahili chake ni “nembo”. Neno hilo halifai, kwa kuwa nembo ni ya taasisi na hukusudiwa kudumu, hali picha hii ni ya mtu mmoja na hubadilishwa kila mwenyewe apendapo. “Mchoro” ni neno pana mno. “Chapa” lina harufu ya kiwanda na ya ng’ombe. Makala haya yanatumia “picha ya kupuliza”, na kwa ufupi “pulizo”. Kupuliza ni kazi ya pumzi, na pumzi haishikiki. Aidha mganga hupuliza dawa na mtoto hupuliza povu, na katika matendo hayo mawili muna kitu cha tabia ya picha hizi, yaani dhamira nzito ya mmoja na mchezo mtupu wa mwingine.

Mwaka 1998 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo wa Half-Life. Mchezaji aliyeingia katika uwanja wa wengi alipewa orodha fupi ya alama, kama vile fuvu la kichwa na uso unaocheka, achague moja na kuitilia rangi. Huo ulikuwa uhuru wa kuchagua, haukuwa uhuru wa kutunga. Lakini alama iliyochaguliwa ilihifadhiwa katika faili liitwalo tempdecal.wad ndani ya kompyuta ya mchezaji mwenyewe, na haikuchukua muda mrefu wachezaji wakang’amua kwamba faili lile laweza kuondolewa na mahali pake likawekwa jingine walilolitengeneza wao. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mchezo ulipoanza uliliandika upya faili lile na kuirejesha alama ya kampuni. Dawa yake ikawa ni kulifunga faili lisomeke tu, lisiandikike. Ndipo picha ya mchezaji ilipobaki.

Kitendo hiki kidogo kina uzito kuliko picha nyingi zilizotokana nacho. Kampuni haikumpa mchezaji ukuta. Mchezaji aliukuta mlango haukukomewa, akaingia, kisha akaukomea kwa ndani. Baadaye kampuni ilikubali yaliyokwisha kutokea. Mchezo wa Counter-Strike, ulioanzishwa na Minh Le na Jess Cliffe mwaka 1999 juu ya msingi wa Half-Life na kuuzwa na Valve kuanzia mwaka 2000, uliieneza desturi hiyo duniani. Injini mpya iitwayo Source, iliyotoka mwaka 2004, iliweka waziwazi sehemu ya kuingizia picha, na Team Fortress 2 ya mwaka 2007 ikairithi. Picha iligeuzwa kuwa faili la aina ya VTF, lenye pande za vipimo maalumu kama 256 kwa 256, na uzito wake haukuruhusiwa kupita kiasi kilichowekwa. Mchezaji alikuwa na pulizo moja tu ukutani kwa wakati mmoja. Alipopuliza la pili, la kwanza lilifutika. Mwenye seva aliweza kuamuru mtu asubiri sekunde kadha wa kadha kabla ya kupuliza tena, na aliweza pia kukataza kabisa. Naye mtazamaji aliyechukizwa aliweza kuzima mapulizo yote katika kompyuta yake.

Masharti haya hayakuelezwa hapa kwa ajili ya mafundi. Ndiyo arudhi ya utanzu huu. Mshairi wa tarbia ana mizani, vina na kituo. Mtunzi wa pulizo ana vipimo, uzito wa faili, ukuta mmoja na muda wa kungoja. Anayekosa kuyajua hayo hawezi kuhakiki, kama asivyoweza kuhakiki shairi mtu asiyejua kuhesabu mizani.

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika namba 21 mwaka 1989, alishikilia kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, fani, hadhira, mahali na wakati. Mtazamo huu ulikuwa na faida ya kuutoa mjadala katika swali lisilozaa, la iwapo kitu kimeandikwa au kimesemwa, na kuupeleka katika swali la kitu hicho kinaishi vipi. Pulizo likipimwa kwa kigezo hicho, sehemu zote zapatikana. Fanani yuko, japo jina lake ni la kupanga. Hadhira iko, tena si ya kutazama tu, maana kila mmoja katika hadhira ana pulizo lake na aweza kujibu papo hapo ubavuni mwa lile la kwanza. Mahali pana uzito mkubwa: picha ile ile ikipulizwa pembeni mwa adui aliyeanguka ni kejeli, ikipulizwa katika lango la kambi ya wenzake ni salamu, ikipulizwa juu ya ile ya mwingine ni ugomvi. Na wakati ndio humaliza yote, kwani uwanja ukibadilishwa kuta hurudi kuwa safi.

Kwa hiyo anayekusanya mafaili ya picha na kuyapanga katika jedwali hajakusanya mapulizo. Amekusanya karatasi za maneno ya wimbo uliokwisha kuimbwa. Kosa hilo wanafasihi wanalifahamu, kwa kuwa walilifanya kwa vitendawili na methali kwa muda mrefu.

Upande wa fani, kuna mbinu mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni ya udanganyifu wa wazi. Mtunzi huchora umbo la askari wa mchezo kwa kimo cha mtu na kulipuliza kwenye kona yenye kiza, ili adui ajitokezapo alipigie risasi ukuta na kujifichua. Picha hapa haimaanishi kitu, inatenda. Na msomi wa fasihi aliyezoea kuuliza “ujumbe wake nini” atakwama. Mbinu ya pili ni ya ndani zaidi. Injini ya mchezo, ili kupunguza kazi, huweka nakala kadhaa za kila picha, kubwa kwa mtazamaji aliye karibu na ndogo kwa aliye mbali. Watunzi waligundua kwamba hakuna linalolazimisha nakala hizo zifanane. Basi wakatunga mapulizo yenye sura mbili: aliye mbali aona jambo moja, akisogea kulitazama vizuri laondoka na jambo jingine latokea mahali pale pale. Yule aliyevutwa na sura ya kwanza hajui ni hatua ipi iliyomgeuzia mambo.

Kiswahili kina methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Fumbo la kawaida hugawa wasikilizaji kwa akili yao. Pulizo la sura mbili hugawa watazamaji kwa mahali waliposimama, na wote wawili wana haki katika walichokiona. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa fumbo linalofumbuliwa kwa miguu. Kwa mhakiki anayetafuta ushahidi kwamba vijana hawa walikuwa watunzi na si wabandikaji tu, mbinu hii moja yatosha.

Hata hivyo haitafaa kuipamba sanaa hii kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mapulizo yaliyojaa katika seva za miaka ile ilikuwa ni upuuzi, na sehemu nyingine ilikuwa mbaya kuliko upuuzi: picha za uchi, matusi ya rangi na ya dini, picha za kutisha zilizowekwa makusudi ili kumshtua mtoto au kumfukuza mwanamke aliyeingia kucheza. Wapo watetezi wa sanaa za mitaani ambao wakifika hapa huharakisha mwendo. Hawana haki ya kuharakisha. Mlango uliomwingiza mtunzi wa sura mbili ndio huo huo uliomwingiza mwenye matusi, na faili lao lilikuwa la aina moja. Udhibiti uliokuwapo ulikuwa wa namna mbili tu. Mmoja ulikuwa wa mwenye seva, aliyeweza kumfukuza mtu kama mzee wa baraza anavyomfukuza mlevi. Huu ulikuwa mzuri pale mzee alipokuwa mzuri. Wa pili ulikuwa wa mtazamaji kujifunika macho asione lolote, la kheri wala la shari.

Udhibiti wa tatu ulikuja kutoka juu. Toleo la Counter-Strike lililoitwa Global Offensive lilipotoka mwaka 2012 halikuwa na mapulizo kabisa. Yaliporudishwa, mwezi Oktoba mwaka 2016, hayakurudi kama yalivyoondoka. Mchezaji hakuruhusiwa tena kuingiza faili lake. Alipewa, au aliuziwa, picha zilizokwisha kutengenezwa na kuidhinishwa, zikiwa zimefungwa kama bidhaa dukani, na kila picha ikishafunguliwa ilipulizika mara 50, kisha ikaisha. Mwaka huo huo mchezo wa Overwatch wa kampuni ya Blizzard ulitoka nao ukiwa na mapulizo ya kuchagua katika ghala la kampuni. Michezo ya simu iliyofuata, kama Call of Duty: Mobile ya mwaka 2019, ilishika njia hiyo hiyo.

Hoja ya usalama ina nguvu, na mzazi yeyote angeitetea. Lakini itazamwe kwa makini nini kilichouzwa. Hapo awali picha ilikuwa ya mchezaji na ukuta ulikuwa wa kuazima. Sasa vyote viwili ni vya kampuni, na kinachouzwa ni tendo la kupuliza lenyewe, kwa hesabu ya mara 50. Wahakiki wa miaka ya 1970 waliokuwa wakiandika kuhusu kugeuzwa kwa kazi ya binadamu kuwa bidhaa hawakuota kwamba siku moja pumzi ya kejeli baina ya vijana wawili itahesabiwa na kutiwa bei. Lau wangeota, wangeambiwa wanatia chumvi.

Kuna mahali ambapo jambo hili laweza kutazamwa bila kompyuta. Barabara itokayo Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na kutoka hapo kuingia Bungoma, ina matini nyingi zinazokwenda na kurudi kuliko maktaba yoyote iliyo kandokando yake. Kitale ni mji ulioanzishwa na walowezi mwaka 1908 na kufikiwa na tawi la reli mwaka 1926. Wakazi wake wametoka pande nyingi, na Mbukusu, Mkikuyu, Mnandi, Msabaot, Mpokot na Mturkana wakikutana stendi, lugha ya kupatana bei ni Kiswahili. Bungoma ni nyumbani kwa Lubukusu, lakini iko karibu na mpaka, na ni katika mipaka hiyo ya Busia na Malaba ambapo tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwabeba abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili, wakaliachia Kiswahili neno “bodaboda”. Baiskeli zilipopishwa na pikipiki, mwishoni mwa miaka ya 2000, kazi hiyo ilivipata vijana wengi wa mashambani, na pikipiki ikaja na kitu ambacho baiskeli haikuwa nacho kwa upana wa kutosha: madigadi, kile kipande cha mpira kinachoning’inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope.

Madigadi ndiyo ukuta wa maskini. Matatu ni mali ya tajiri, na kinachochorwa juu yake hulipiwa na mwenye gari, mara nyingi asiyeonekana. Tena Serikali ina kauli juu yake. Kanuni za mwaka 2003, ambazo watu waliziita kwa jina la Waziri Michuki na ambazo zilianza kutumika Februari 2004, zilidai kila matatu iwe na mkanda wa njano, na zilipofufuliwa kwa msako wa Novemba 2018 wenye magari yenye michoro walijikuta tena mashakani. Madigadi yako chini ya macho ya sheria, karibu na ardhi. Aliyeyaandikisha ni mwendeshaji mwenyewe, hata pale ambapo pikipiki si yake bali ni ya tajiri anayemdai hesabu kila jioni. Hili ni jambo la kuzingatiwa. Chombo si chake, faida si yake yote, lakini maneno ni yake.

Maneno hayo ni ya aina chache: dua na majina ya Mungu, jina la mtoto, timu ya mpira ya Uingereza, kijembe kwa wasiojulikana, na methali. Mhakiki mvivu atasema ni marudio. Lakini methali ikiandikwa mahali inapata mahali hapo. Chukua methali ya pwani, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ikiwekwa juu ya madigadi mjini Kitale, upwa ulio karibu ni wa ziwa, huko Kisumu, na chakula cha watu ni ugali wa mahindi ya Trans Nzoia wala si wali. Methali hailegei kwa sababu hiyo. Upwa unakuwa barabara, kugaagaa kunakuwa ni kule kukaa steji tangu alfajiri hata usiku, na wali unakuwa ni kitu cha sikukuu, jambo ambalo laifanya ahadi ya methali iwe kubwa kuliko ilivyo Lamu. Abiria aliyeketi nyuma haisomi. Anayeisoma ni yule anayefuata. Hadhira ya madigadi ni watu walioachwa nyuma, na hilo peke yake ni kijembe.

Ufanani na pulizo ni wa karibu. Kila mmoja ana ukuta mmoja mdogo. Matini ni fupi, ya wote kwa asili na ya mmoja kwa uteuzi. Jina la mtungaji halipo. Muda ni mfupi, kwani mvua za masika zikishika njia za mashambani, matope huvaa herufi. Tofauti ni kwamba madigadi hayana mwenye seva. Hakuna anayeidhinisha. Mchoraji wa maandishi aliye kando ya stendi huuliza maneno ni gani, rangi ni ipi, na herufi moja ikikosewa mteja hulalamika au hacheki tu akaenda zake.

Hapa pana pingamizi ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kulikwepa, nalo ni la kanga. Ikiwa uovu wa pulizo la dukani ni kwamba mchezaji hatungi bali huchagua katika ghala la mfanyabiashara, basi mwanamke wa pwani amekuwa akifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Maandishi ya kanga, ambayo kuenezwa kwake mwanzoni mwa karne ya ishirini kunahusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ajulikanaye kwa jina la Abdulla, hayaandikwi na mvaaji. Huchapwa kiwandani kwa maelfu, huuzwa kwa doti, na mvaaji huchagua. Wala hakuna anayesema kwamba kanga si usemi. Ni katika semi kali kabisa za Kiswahili: mke mwenza huivaa, jirani akaisoma, na siku hiyo mji mzima hujua. Basi pulizo la dukani lina kosa gani?

Pingamizi hili lina nguvu na linabomoa sehemu ya hoja iliyotangulia. Ni kweli kwamba kuchagua kwaweza kuwa kutunga. Kijana anayelipuliza fuvu la kichwa lililonunuliwa ubavuni mwa adui aliyeanguka amesema neno, hata kama fuvu hilo wanalo watu milioni moja. Aliyedai kwamba kabla ya mwaka 2016 palikuwa na sanaa na baada yake hapakuwa na kitu, angekuwa ameisahau kanga.

Lakini kanga yenyewe, ikitazamwa vyema, yaonyesha tofauti ilipo. Kwanza, maneno ya kanga hutoka kwa wasemaji na hurudi kwao: ni methali, mafumbo na vijembe vya mitaani, na mfanyabiashara asiyeyasikiliza ya mitaa yake hukosa wanunuzi. Ghala la pulizo halisikilizi Kitale. Picha zake hutengenezwa kwa ajili ya dunia nzima, ndiyo maana maneno ni machache na mafuvu ni mengi, kwa kuwa fuvu halihitaji kutafsiriwa. Pili, doti ya kanga ikishanunuliwa ni ya mwenyewe. Huvaliwa, hutolewa zawadi, hurithiwa, hubebea mtoto na mwisho hupangusia meza, na hakuna siku Abdulla amekuja nyumbani kusema kwamba umeivaa mara 50 basi. Tatu, na hili ndilo linalowahusu wanalugha, kanga ilijengwa juu ya Kiswahili. Ghala la pulizo halikujengwa juu ya lugha yoyote ya mnunuzi.

Linalofuata ni kwamba kijana wa Kitale au Bungoma amefika katika ukuta huu umekwisha kuuzwa. Katika zama ambazo faili lilikuwa huru, yaani takribani 1998 hadi 2012, kompyuta yenye nguvu ya kutosha na intaneti ya haraka vilikuwa mbali na miji hii; nyaya za baharini zenyewe zilifika Mombasa mwaka 2009. Leo kijana huyo anacheza. Anacheza kwa simu yake, na katika vyumba vya michezo ambako vijana hulipia kila mechi. Lakini michezo inayomfikia ni ile ya zama za ghala. Yeye anayeweza kumwamuru mchoraji wa stendi aandike neno lolote kwa Kiswahili, kwa Lubukusu au kwa Sheng juu ya madigadi, akiingia mchezoni huwa hana hata herufi moja. Mwenzake wa Ulaya alipoteza uhuru aliowahi kuuonja. Yeye hakuonja, na kwa hiyo hana cha kukumbuka wala cha kudai.

Ni hapa ambapo uchumi na lugha vinakutana, na ambapo wale wanaoona suala hili ni la watoto wanakosea. Idara za Kiswahili zimetumia juhudi kubwa, na kwa haki, kutafuta istilahi za kompyuta ili orodha na vitufe visomeke kwa Kiswahili. Kazi hiyo humpa msemaji lugha ya kusomea yaliyoamuliwa na wengine. Haimpi mahali pa kuandika. Mchezo wote waweza kutafsiriwa, hata kitufe cha kupulizia kikaandikwa “puliza”, na bado kitakachotoka kikawa ni fuvu lile lile.

Desturi za eneo lenyewe zinajua thamani ya alama ya muda. Miongoni mwa Wabukusu, mtahiriwa hupakwa matope ya mtoni, litosi, alfajiri ya siku yake, na juu ya kichwa huwekwa jani la nyasi. Matope hayo hukauka na kuondoka. Hakuna anayeyaona kuwa upuuzi kwa sababu hayakudumu, wala hakuna anayeyauza kwa hesabu. Yana mahali, wakati, hadhira na mwenyewe. Pengine mfano huu ni mzito kuliko pulizo linavyoweza kuubeba, na haufai kusukumwa zaidi ya hapo. Lakini unatosha kuonyesha kwamba ufupi wa uhai si hoja dhidi ya matini.

Upande wa utafiti kazi iliyo karibu haihitaji kompyuta. Inahitaji mwanafunzi mmoja wa Bungoma, tuseme wa Chuo Kikuu cha Kibabii, asimame katika steji za Kanduyi na Kitale kwa msimu mzima na kuyanakili madigadi kama yanavyopita, pamoja na lugha iliyotumika, rangi, mwaka, na maneno ya mwenye pikipiki kuhusu sababu ya kuchagua hayo. Akusanye pia majibu: nani alimwandikia nani. Kazi hiyo ianze kiangazi, kati ya Desemba na Februari. Ikifika Aprili, kati ya Kamukuywa na Webuye hakuna kinachosomeka.